Malewa Yako ya Siku ya Maana

Mama mpendwa,

Jana Jumapili nilipika lile fungu la mwisho la malewa. Kabla hujanikunjia uso, nisikilize kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka Mbale? Hapa Walukuba tulikujua kwa harufu kabla hujafika mlangoni: moshi wa jiko la bibi uliokolea kwenye yale machipukizi ya mianzi, makavu, yamefungwa kwa nyuzi za mgomba. Mengine uliyapika kwa njugu ya kusaga, baba akalamba vidole huku akidai Mjaluo hali mianzi. Lakini fungu moja ulilitundika juu ya jiko, lisiguswe. "Acha hiyo. Ni ya siku ya maana." Mimi nikamaliza shule, kaka Otieno akaoa, baba akastaafu kiwandani, na hakuna siku iliyokutosha. Nilikuwa nakucheka.

Ulipofariki, mama wadogo walitaka kulipika matangani. Nikaliwahi, nikaliweka sandukuni pamoja na lile gauni lako la gomesi la kijani. Kila hamu yako iliponizidi nilifungua kidogo, nikanusa, nikafunga. Ulikuwa humo, mama, mzima kabisa, mikono imejaa masizi.

Baba sasa anasahau. Si kule kusahau ulikokuwa ukimtania, kutafuta miwani huku ameivaa. Alikuzika mwenyewe kwenye kile kishamba mlichonunua Mbale, akatupa udongo, na bado kila asubuhi ananiuliza, "Mama yako ameenda wapi?" Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, akalia kama ndiyo kwanza anapata habari. Siku hizi namjibu, "Ameenda Mbale, baba." Anaridhika, anakunywa chai.

Wiki iliyopita nilikuta unga mwembamba chini ya sanduku. Wadudu, dumuzi. Nilianika, nikakung'uta, wapi. Nikamwonyesha jirani yetu Mama Hadija. Alichukua kipande akakivunja, ndani kitupu.

"Wewe, hii kitu inaisha hapo hapo unailinda," akasema. "Pika, mzee akule."

Basi nikaloweka, nikachemsha, nikatia njugu. Kipimo chako sikijui. Kila nilipokuuliza ulisema "weka mpaka itoshe", kana kwamba hayo ni maelezo.

Baba alimega ugali wa posho, akachovya, akaonja.

"Mama Auma amerudi," akasema, akikuita kwa jina langu kama zamani. "Mbona hajanisalimia?"

Akaomba maji akanawa uso. Akataka lile shati la kanisani, akakaa akiutazama mlango wa jikoni. Uso ulikuwa ule wa zamani, mama, ule aliokuwa akija nao kukupokea stendi. Sikujua kama bado anao.

"Mwekee sahani," akaniambia. "Ametoka safari huyo."

Ningefanya nini? Nilichukua sahani yako ya maua, nikakupakulia, nikafunika. Tukakungoja. Nisikudanganye, hata mimi niliutazama mlango. Ile harufu ilikuwa imejaa nyumba nzima, na kwa muda mfupi sikuona kwa nini usitokee.

Leo asubuhi hakuniuliza uko wapi. Alifunua sahani, akaiangalia, akaifunika tena polepole.

"Mama yako hakula," akasema. "Nilimkosea nini?"

Nikimwambia umekufa, atafiwa na mke upya. Nikimwambia umerudi Mbale, ataona umemkimbia bila hata kumuaga. Nilitaka kumpa siku moja nzuri na wewe, nikamletea ugomvi ambao wewe hupo kuumaliza. Na siwezi kukuita tena, maana fungu lingine halipo. Nimeenda kulilia jikoni ili asinione.

Otieno nimempigia simu. Anasema atakuja mwisho wa wiki, tutaongea. Tutaongea nini?

Sasa ni mchana. Baba amekaa barazani na shati lake la kanisani. Chai imepoa. Posho hajaigusa. Nimembembeleza, Mama Hadija naye amembembeleza, hataki. Anasema atakula ukila wewe.

Sahani yako bado iko mezani, mama, na malewa yameanza kuchacha. Pumzika huko Mbale, sikukatazi. Lakini kama ipo njia yoyote, njoo ule hata tonge moja.

Binti yako,
Auma