Siku Walipomtoa Yusufu Kanisani

Karibu na Tulia, Kitui
Jumatano

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii inakukuta umekaa barazani, kifua kimekuachilia kidogo. Je, mto umeshuka? Mama amepanda mpunga, au maji bado yamesimama shambani? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto. Ulivunjika, sasa uko ndani ya plasta, ndiyo maana mistari yangu inapanda na kushuka: karatasi haina wa kuishika.

Najua habari zimenitangulia. Mwalimu Jillo alipita hapa, na nasikia amewaambia kwamba nimepigwa na Wakamba. Baba, usiseme hivyo mbele za watu. Nimepigwa na watu wa kanisa letu la Kimethodisti, ninaoimba nao kila Jumapili. Acha nikueleze ilivyokuwa, hata pale nilipokosa mimi mwenyewe.

Hapa tunaye mtu aitwaye Yusufu, dereva wa lori. Ni Msomali kwa kuzaliwa. Wazazi wake walikufa kwa ukame akiwa mdogo, akalelewa misheni, akabatizwa, akaoa Mkamba wa Nunguni, jina lake Mbithe. Wana watoto wawili. Mama mjamzito akilemewa hapa dispensari ninapouguza, Yusufu ndiye humkimbiza hospitali Kitui, na hajawahi kuniambia amechoka.

Mwezi uliopita mashifta, wale majambazi wa bunduki, walishuka kutoka kaskazini, wakaswaga ng'ombe wa watu. Vijana wawili waliowafuata waliuawa. Mmoja alikuwa Kilonzo, mwana wa pekee wa Mzee Mutua, msimamizi wa kanisa letu. Waliletwa kwangu wamefungwa kwenye blanketi, nami ndiye niliyewaosha. Kilonzo alipigwa risasi ya shingo, na waliomuua walimkata baada ya kumpiga. Mzee Mutua alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akaniuliza, "Sista, aliumia sana?" Nikamwambia hapana. Nilimdanganya.

Baada ya maziko viongozi wakaitwa. Tulikuwa watu saba, na mimi ndiye mwandishi wao. Muthui, kijana anayeongoza kwaya, akasema Yusufu asikanyage kanisani mpaka mambo yapoe. "Hatusemi yeye ndiye aliua," alisema. "Lakini watu wakimwona huyu, wanawaona wale." Mwingine akasema lori lake hufika huko kaskazini, nani anajua hubeba habari gani. Mzee Mutua hakufungua mdomo.

Baba, wewe umehubiri miaka yote kwamba kwenye meza ya Bwana hakuna Mpokomo wala Mworma. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nikaogopa. Nilijiambia mimi bado ni mgeni hapa, hata baada ya miaka yote hii, nitawafundishaje watu wenye msiba? Nikaandika kitabuni, "Tumekubaliana sote," nikatia sahihi.

Hakuna aliyekwenda kumwambia Yusufu. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda. Basi Jumapili akaja na mke wake na watoto, wakakaa.

Tulikuwa katika wimbo wa pili. Muthui akaacha kuimbisha, akashuka na vijana wengine watatu. Walimshika Yusufu kola na nywele, wakamburuta katikati ya mabenchi. Kichwa chake kiligonga kizingiti, nikasikia sauti yake huku wengine bado wanaimba. Nje walikuwako wengine wakingoja na marungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo lilikuwa limepangwa.

Nimeyaona majeraha mengi katika kazi yangu, lakini sijawahi kuyaona yakitengenezwa. Walimpiga miguu kwanza ili asikimbie. Kisha mbavu, kisha uso. Kila akiinua mkono kujikinga, waliupiga mkono. Mbithe alimkumbatia kiuno, wakampiga teke la tumbo akaanguka. Watoto walikuwa mlangoni wanaita, "Baba, Baba," na wazee wa kanisa walikuwa nyuma yao, wamesimama kama waliopigwa na radi.

Sikumbuki kutoka ndani. Nakumbuka nimelala juu ya Yusufu, na damu yake moto shingoni mwangu. Muthui akasema, "Toka hapo sista. Hii si mambo ya watu wa pwani." Sikutoka. Rungu lilishuka nikakinga kwa mkono, nao ukavunjika kama kuni. Mwingine alikuwa tayari ameinua panga.

Ndipo Mzee Mutua akaja. Watu walimpisha, kwa sababu walidhani amekuja kumaliza. Muthui mwenyewe akampa rungu, kwa heshima, kwa mikono miwili. Mzee alimtazama Yusufu muda mrefu. Uso ule haukuwa uso tena.

"Nani kati yenu nilimtuma?" akauliza.

Vijana wakatazamana.

"Nauliza tena. Mimi ndiye nimezika. Nani nilimtuma?"

Akalitupa rungu katika ua wa mkonge. "Huyu mtu sitaki kumwona," akasema. "Lakini sikumtuma mtu. Tafuteni gari."

Mwenye duka mmoja akatoa pikapu yake. Yusufu alilala hospitali siku nyingi. Jicho la kulia limepotea, na kidole kimoja hakitakunjwa tena. Watoto wamepelekwa Nunguni kwa mama yake Mbithe, kwa sababu yule mdogo alikuwa akiona watu wamekusanyika anajikojolea.

Mchungaji anayezungukia makanisa yetu alipofika nilimwomba ruhusa, nikasimama mbele ya kanisa na kile kitabu. Nikasoma yote tuliyoyaandika, neno kwa neno, na majina saba, langu la mwisho. Wengine walisema nimewauza. Kesho yake kioo cha dispensari kilivunjwa kwa jiwe. Lakini mchungaji aliufuta ule uamuzi hapo hapo, akasema mwenye kumfukuza Yusufu mezani amfukuze na yeye.

Jumapili iliyopita Yusufu alirudi na bendeji usoni, Mbithe amemshika mkono. Tulipoitwa kwenye Chakula cha Bwana, wawili hao walipiga magoti mbele, nami nikapiga magoti kando yao. Nyuma yetu hapakusikika hata mguu. Robo ya watu walikuwa wameshatoka nje. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu polepole. Mzee Mutua alikuja, akapiga magoti mwisho kabisa, mbali nasi. Aliupokea mkate. Hakumtazama Yusufu alipoinuka. Lakini alikuja, na wengine wachache wakamfuata.

Sasa kesi ya Muthui na wenzake itasikizwa Kitui, na mimi ni shahidi. Jana mama yake Muthui alikuja dispensari, akakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nikamaliza kazi. Mimi ndiye niliyemfundisha huyo kijana shule ya Jumapili.

"Sista," akaniambia, "sema hukuona vizuri. Muthui ni mtoto wa kanisa."

Nikamwuliza, "Na Yusufu, mama, ni mtoto wa nani?"

Alilia, na mimi nikalia naye, tukiwa tumeshikana mikono. Kisha nikamwambia nitakwenda kusema nilichokiona.

Nisalimie Mama, umsomee barua hii taratibu, na pale pa damu upite haraka. Nisalimie kaka Komora, na umwambie asifunge safari kuja kunichukua, kwani hapa bado nina wagonjwa. Nisalimie bibi yetu mzaa mama, shangazi Hawaye aliyenilea, shemeji na watoto wote, na ndugu wa darasa lako la Alhamisi. Unijulishe kama kifua kimepona, na kama dawa ya chupa ile imekwisha.

Ni mimi binti yako, niliye kazini Kitui,
Loisi