Pengo la Valerian

Tandale kwa Mtogole,
Dar es Salaam.
Jumatano, 11 Juni 2025.

Mpendwa Baba Mkubwa Augustine,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu, hii ya pili ni ya mdogo wako, ambaye mdomo wake siku hizi ni mzito. Habari za Newala? Miguu inaendeleaje, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha? Mama Mkubwa Atuganile aliniambia kwenye simu kwamba mikorosho imeanza kutoa maua, na kwamba bado unaenda kanisani kwa baiskeli. Mzee mzima, husikii hata honi, na bado unakatiza barabara kuu! Haya, Mungu ana kazi kweli na wewe.

Sie huku tupo. Ningesema tuko wazima ningekuwa nakudanganya, na nimeapa barua hii isiwe na uongo hata ule wa adabu.

Baba ni mgonjwa, na si ugonjwa wa kupona. Kiharusi cha kwanza kilimpata kabla ya Pasaka, akajikongoja nacho. Cha pili kimeondoka na mguu, nusu ya uso na mkono wote wa kushoto. Hospitali walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani, na wewe ni mtu mzima, unajua maana yake. Mie na jirani yangu Hamisa tunamgeuza, tunamwogesha, tunamnywesha uji kwa kijiko. Mgongo umeanza kutoka vidonda. Ule mkono uliokuwa ukikimbia kwenye nyuzi za gitaa umelala juu ya shuka, naye anautazama kama mzigo ambao mgeni ameusahau hapo. Usiku siandiki habari zake, Baba Mkubwa. Mchana unatosha.

Ninachokitaka ni kimoja: uje umwone angali hai. Kila nikimpigia Mama Mkubwa, anakuandikia maneno yangu kwenye karatasi, na wewe ukishaona jina la Valerian unavua miwani. Ndiyo maana safari hii naandika mwenyewe. Mama Mkubwa nimemwomba akae hapo pembeni yako, na ukiivua miwani akuvishe kwa nguvu.

Lakini najua wewe si mtu wa kuombwa. Ungekuwa wa kuombwa ungekuja kumzika Mama. Basi sikuombi, nakusimulia santuri.

Usianze kununa. Hadithi yenyewe naijua, nimeisikia tangu nabebwa mgongoni. Wewe ndiye uliyekuwa mpiga solo wa Wana Lukuledi, enzi za suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, mlipoamua dansi la wazee halitoshi na nyie mpige roki. Wewe ndiye wa kwanza Temeke nzima kuwa na kile kidude cha kukanyaga kinacholifanya gitaa likorome. Baba alikuwa mdogo wako wa kukubebea nyaya na kukulinganishia nyuzi. Kisha ukakosana na kiongozi wenu, Mzee Fakihi, ukahamia bendi nyingine na kuondoka na mwimbaji na mpiga ngoma. Ukategemea mdogo wako naye abebe nyaya akufuate.

Hakukufuata. Fakihi alimpa kiti chako, akampa na shati lako la jukwaani, lile lenye kola kama masikio ya mbuzi. Mwaka uliofuata wakaenda Nairobi kurekodi santuri kubwa, wakaiita Tumebaki. Wewe ukasema hilo jina ni tusi umetukanwa, na kwamba kuanzia siku ile huna mdogo. Ukaapa hutaisikiliza. Sasa na masikio yamekusaidia kutimiza kiapo, hongera.

Nisamehe. Hapana, usinisamehe kwanza, soma.

Nyumbani kwetu santuri hiyo haikuwepo, Baba hakuwahi kuiweka. Mwezi uliopita niliitaja kwa Khalfani, fundi redio wa hapa sokoni, kijana mpenda vitu vya kale kuliko sie tuliozaliwa navyo. Akaniambia anayo. Jumapili akaja na gramafoni yake na spika moja kubwa ya mbao, akaviweka kando ya kitanda. Mzee Salumu alikuwepo pia, yule mpiga besi wenu. Ndiye pekee aliyebaki wa bendi ile, na huja kumwona Baba kila baada ya misa, ingawa yeye ni Mwislamu na misa haimhusu.

Sasa nikwambie inavyolia, maana hakuna mwingine atakayekwambia.

Upande wa kwanza unaanza na besi ya Salumu peke yake, nzito, ya taratibu, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Halafu linaingia gitaa la rithimu, linakatakata. Solo unaisubiri, haiji. Mwimbaji mpya anaimba ubeti mzima, bado. Inapoingia inaingia kwa chini, nyuma ya sauti ya mwimbaji, kama mtu anayeitikia hodi. Mzee Salumu akacheka, akasema, "Kaka yake angekuwa ameshavunja mlango." Nadhani ni kweli. Kila aliyekusikia anasema wewe ulikuwa ukiingia kama mgambo kwenye soko la mitumba. Baba si hivyo. Baba anapiga noti moja, anaivuta mpaka inalalamika, anaiacha ikatike yenyewe. Kidude cha kukoroma anakikanyaga mara chache, lakini akikikanyaga nywele zinasimama.

Baba Mkubwa, ni nzuri. Nilitegemea kuona aibu, maana maisha yangu yote niliambiwa kwamba bendi ilikufa ulipoondoka na ile santuri ni matanga yake. Si kweli. Kuna wimbo wa tatu, wa mama anayesubiri mtoto aliyekwenda mgodini, nilishindwa kukaa. Nikatoka nje nikajifanya natazama nguo kwenye kamba. Niliyekuwa nikimwogesha asubuhi ile ndiye aliyepiga vile akiwa na miaka ishirini na moja, na mie binti yake nilikuwa sijawahi kumsikia. Nilikasirika sana. Bado nimekasirika.

Kisha tukageuza upande wa pili. Hapo ndipo penye lile pengo.

Wewe najua ulisikia habari zake japo hukuisikia santuri, maana mji mzima ulicheka. Wimbo unapanda, ngoma zinachemka, mwimbaji anapiga kelele ya kuwaita wacheza dansi, na pale hasa ambapo solo inatakiwa ipasue, hakuna solo. Besi inazunguka, rithimu inazunguka, ngoma zinagonga, na katikati ni patupu. Panabaki patupu muda mrefu, mzunguko baada ya mzunguko, halafu mwimbaji anarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakasema yule dogo kasahau, au kaogopa, wakapaita pengo la Valerian. Ukumbini watu walikuwa wakifika hapo wanapiga miluzi kumzomea. Hata mie shuleni nilikuwaga naitwa mtoto wa pengo, nikapigana kwa jina hilo na nisijue napigania nini.

Jumapili santuri ilipofika hapo, Khalfani aliinuka akitaka kuishika sindano. Siku zote amedhani nakala yake imechubuka hapo.

Baba akainua mkono wake mzima. Akasema, kwa ule mdomo uliopinda, neno moja moja, "Iache. Hapo ni pa kaka."

Nikamuuliza kaka gani. Akanitazama kama ananiona mjinga. Mzee Salumu ndiye aliyeeleza, huku anafuta macho kwa kofia yake. Anasema kule studio fundi wa mitambo aliwasimamisha, akamwambia Baba, kijana, umesahau sehemu yako. Baba akajibu hajasahau, warudie vilevile. Wakarudia, akanyamaza vilevile. Fakihi akatukana, akatishia kumwacha Nairobi bila nauli. Baba akasema sehemu nyingine zote atazipiga, ile si yake, ni ya kaka yake, aliitunga yeye kwenye mazoezi kabla hajaondoka. Kama kaka hayupo basi itakaa hivyo mpaka arudi. Muda wa studio uliwaishia, wakaondoka na walichonacho.

Wewe unakumbuka sahani ya Bibi. Mie nilimkuta akiwa mzee sana lakini hilo nililiona kwa macho yangu. Mtu wa nyumba ile akiondoka kwa ugomvi, Bibi alikuwa akimpakulia kila mlo kama yupo, anaifunika sahani kwa kawa, na ole wake atakayeigusa. Hata njaa ya mwaka gani. Alisema mtu akirudi akakuta hana fungu lake, ataondoka tena na hatarudi. Baba ni mtoto wa mama yule. Na wewe pia.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia. Watu wanamzomea miaka na miaka, wewe umemkana, na neno moja lingetosha! Akasema, "Fungu haliitiwi mtu. Mwenyewe atalikuta." Jamani! Ningekuwa na nguvu ningewakusanya nyote wawili niwafungie chumba kimoja. Yeye akangoja usikilize, wewe ukaapa husikilizi, na uziwi ukawatangulia. Nina hasira nanyi, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Lakini bado kuna namna, nami nimeijaribu. Juzi niliziba masikio kwa pamba na khanga, nikaweka kiganja juu ya ile spika ya mbao. Unaipata yote. Besi inakuja mpaka kwenye kiwiko. Rithimu inawasha vidole. Solo ni kama sisimizi wanaopita. Na ikifika pale, sisimizi wanaondoka, unabaki ubao unaotikisika na nafasi tupu, hata mtoto angejua kuna mtu hayupo.

Njoo, Baba Mkubwa. Khalfani ameiacha spika hapa. Uweke mkono, na Baba auweke wake mzima, kisha ufanye utakalo. Ukitaka kununa, nuna ukiwa umekaa naye. Basi la jioni kutoka Newala linafika Mbagala asubuhi, nitakuja mwenyewe kukupokea. Ila usichelewe, anakula vijiko vitatu tu kwa siku.

Alhamisi, mchana.

Baba Mkubwa, barua nilikuwa sijaifunga, nilingoja Venance, kondakta wa basi la kwenu, apite kuichukua.

Baba ametutoka leo asubuhi. Hamisa alikuwa akimshikilia na mie nampangusa uso. Alivuta pumzi, akaiacha, hakuvuta nyingine. Hakusema neno la mwisho, usije ukaambiwa na mtu kwamba alisema. Nililia nikagombana naye, namwambia ungengoja kidogo tu, ungengoja.

Nilitaka kuichana barua niandike nyingine. Nimeiacha. Nataka uisome akiwa hai kama nilivyoiandika, na upate habari hii kama nilivyoipata mie, katikati ya mipango. Mama Mkubwa nimempigia, nikamwomba asikwambie mpaka macho yako yafike hapa. Kama umemwona akilia tangu jana, sababu ni hii.

Tunazika Jumamosi alasiri, makaburi ya hapahapa. Padri alitaka iwe kesho. Nimekataa, nimemwambia udongo wa kwanza una mwenyewe. Barua hii inaondoka na basi la leo jioni, itakufikia kesho asubuhi, na basi la kurudi lipo kesho jioni. Ukipanda, unawahi.

Msalimie sana Mama Mkubwa, mwambie sikumtwisha mzigo huu kwa kupenda. Wasalimie Fransis na wanawe, na Margareta akipita. Mzee Salumu anakusalimu, anasema hana la kukulaumu, amechoka kuzika wenzake. Mungu akufikishe salama, na akishindwa kukupa masikio akupe mguu wa kushuka kwenye basi.

Mchana huu wamama wa jumuiya wamepika, nami nikapakua kwa mazoea. Ya kwako nimekuwa nikiipakua tangu Jumapili, kila mlo, nikaifunika kawa kama Bibi. Leo nimepakua na ya Baba kabla sijakumbuka, na mkono umekataa kuirudisha chunguni. Ziko mbili mezani zimefunikwa. Moja mwenyewe hatarudi kuila.

Nyingine ni yako.

Ni mie mwanao, ninayekupenda pamoja na hasira zangu zote,

Monica Valerian