Injini Uliyoitaka, Damasi

Damasi ndugu yangu,

Karakana yako ya Lizaboni sasa inauza mitumba. Mkeo alivumilia, mwishowe akaipangisha. Mashine za kusaga tunazipeleka kwa fundi mwingine, anazifungua kabla hata ya kuzisikiliza. Wewe ulikuwa unaweka bisibisi sikioni kama daktari.

Lakini nakuandikia kuhusu boti.

Ile karatasi ya kuagiza boti ya kasi, ya kuwawahisha wagonjwa wa vijiji vya ziwani, bado haijasainiwa. Unakumbuka kikao chetu cha mwisho cha kamati ya boti. Ulitaka injini mbili za kuning'iniza nyuma, zinazonyanyuliwa boti ikikaribia ufukwe. Mimi nilitaka injini ya ndani, inayofyonza maji na kuyatupa nyuma kwa nguvu, isiyo na pangaboi ya kugonga mawe. Nilikuwa na katalogi na ulimi. Ukaniuliza, "Mwalimu, ikiziba katikati ya ziwa, mkono wako utapitia wapi?"

Nikakujibu mbele ya kamati nzima, "Fundi, wewe baki na mashine zako za unga. Kasi inataka elimu." Wakacheka. Kura zikapigwa, nikashinda. Wiki mbili baadaye malaria ikakuchukua.

Juzi nilikwenda Mbamba Bay. Ndiyo, mara ya kwanza! Muda wote ule nilikuwa nabishania ziwa nililoliona kwenye ramani. Nikapanda mtumbwi wa injini mpaka kijiji cha pili. Gati hakuna. Wanawake walimleta mjamzito kwenye machela, wakaingia naye majini hadi kiunoni, na kila hatua iliinua mchanga mpaka maji yakawa kama uji. Hayo ndiyo maji ambayo injini yangu ingeyanywa.

Tulipoondoka naye, pangaboi ikagonga jiwe. Nahodha akainyanyua injini, akatoa pini iliyokatika, akapachika nyingine aliyoifunga kwenye pindo la shati. "Haya mama, twende." Kwa muda ule hata sigara moja isingeisha. Mama yule amejifungua salama.

Damasi, mimi niliyeandika magazetini kwamba soko huria limetufanya tubabaikie kila king'aacho, ndiye niliyebabaikia picha ya katalogi. Hata sasa moyo unataka kubisha: kwenye maji safi yenye kina, injini yangu ina hoja. Inayo! Ila wagonjwa wetu hawapandii huko.

Jumamosi tunakutana. Nitaomba karatasi ile ichanwe, tuagize injini zako. Nitawaambia walewale niliowachekesha kwamba swali lako sikulijibu. Nilikutukana kwa sababu jibu sikuwa nalo. Laiti ningekwambia wewe mwenyewe, ukiwa bado...

Nimemwomba mkeo awepo. Amekubali kwa sharti moja: "Shemeji, usihutubie."

Lala pema, fundi wangu. Nitasema hayo machache, kisha nitakaa chini. Nakuahidi.