Kompyuta Yako Sasa Inawaka Haraka

Kwako mwanangu Mwanaidi,

Sijui barua hii itakukuta wapi, wala kama itakukuta. Namba yako nimeipiga mpaka yule dada anayesema haipatikani nimemzoea kama jirani. Nimeandika mwenyewe, kwa mkono wangu wa darasa la nne. Mwalimu mmoja hapa mtaani ameninyooshea herufi, kisha akasema tuiweke wanaposoma watu wengi, huenda mmoja wao amekaa karibu na wewe. Kama ni wewe unayesoma, kwanza niambie, pumu inakusumbua? Ile dawa ya kuvuta unayo? Huko uliko kuna vumbi?

Unakumbuka kompyuta yako ilivyokuwa inawaka? Ulikuwa unaibonyeza asubuhi, unaenda kuoga, unafagia uwanja, unarudi na kale kaduara bado kanazunguka. Bibi yako akipita na fimbo yake anauliza, "Huyo mgeni wako bado anavaa?" Unacheka, unamwambia, "Bado bibi, anatafuta viatu." Mimi niko pale pale barazani na chungu changu cha mawese, nakoroga, nacheka na nyinyi. Watu walikuja uwaandikie barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Mashine ikiganda wanasubiri, wanaangalia saa, mwisho wanakwambia, "Dada, ngoja tujaribu mjini." Nilikuwa nakuona unavyojikaza usoni.

Na zile alasiri ulizokuwa unamrekodi bibi. Siku ya kwanza aligoma, akasema hawezi kuzungumza na bati. Halafu akainama akaisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kama mtu na heshima zake. Ulicheka mpaka ukakohoa. Toka siku hiyo ikawa kazi yenu. Akakusimulia alivyotoka Kasulu kwa miguu na mkeka kichwani, akiwa msichana. Akakuimbia nyimbo za Kiha za kutwangia, nyingine hata mimi mtoto wake wa kumzaa sizijui mpaka mwisho. Ukawa unanigeukia, "Mama, punguza kukoroga, chungu chako kinaingia kwenye sauti." Kwa hiyo na chungu changu kilikuwamo humo.

Sasa mwanangu, kaa chini. Bibi yako hatunaye. Alilala mchana baada ya kula uji, hakuamka. Hakuumwa sana. Nilitaka usikie mdomoni mwangu, si kwenye karatasi, lakini ningekuambia kwa njia gani? Tumemzika vizuri. Watu walikuja wengi. Walikuulizia, nikasema uko safarini.

Najua kilichokuondoa. Ilikuwa siku ya gulio, baraza imejaa wanunuzi, na mashine imeganda tangu asubuhi. Mafuta yangu yalikuwa yameungua kidogo, nina hasira zangu, nikakutolea wewe. Nikasema, "Wenzako wana kazi, wewe umeatamia bati kama kuku anayeatamia mawe." Watu wakacheka. Ningekuwa na uwezo wa kuyarudisha mdomoni ningeyameza pale pale, ya moto. Ulifunga kompyuta taratibu, ukaifunika kwa kile kitambaa chako. Keshokutwa yake ukapanda treni na begi moja.

Ulinipigia mara moja tu. Hukuniuliza habari, sikukulaumu. Ulisema, "Mama, kompyuta usimpe mtu. Nitarudi kuchukua vitu vyangu vilivyomo." Nikajibu, "Haya." Basi. Mwanangu, hilo neno nitarudi ndilo nililoishi nalo. Nikipika nalo, nikiswali nalo. Hukusema utarudi kuniona mimi, na sikutaka kujidanganya. Ulisema vitu vyako. Nikasema sawa, kwa vitu vyake atakuja, akija nitamwona.

Ndipo nikapata wazo langu. Nikajiambia, akija aikute vile vile inakokota, atakumbuka maneno yangu ya siku ile. Aikute nzima. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaipeleka Katubuka kwa fundi mmoja, mtu mzima, mstaarabu, anasifiwa. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akanionyesha.

"Mama, mashine hii si mbovu. Diski yake ni ya zamani, ile ya kuzunguka, imechoka. Nikikuwekea diski ya kisasa na kukupigia windo mpya, ile programu ya kuiendesha, utaipenda."

"Itawaka haraka?"

"Kabla hujamaliza bismillahi."

Nilifurahi, Mwanaidi. Nilikuona kabisa umekaa barazani unaibonyeza, unashangaa. Halafu akaniuliza, tena kwa adabu, sauti yake naisikia mpaka leo, "Vya zamani nikuhamishie, au nisafishe tuanze upya?"

Na mimi nikajibu kama muuza mawese. Wewe unanijua. Dumu lenye mashapo sitii mafuta mapya, yatachacha yote. Naliosha kwa maji ya moto na mchanga mpaka harufu ya zamani iishe, ndiyo maana wateja wangu hawanihami. Kwangu mimi cha zamani kikibaki ndani ya chombo kinaharibu kipya. Na nilijua vitu vyako vimo kwenye kompyuta, sikujua vimo kwenye hicho kipande alichokishika mkononi. Nikamwambia, "Safisha kabisa, baba. Usibakize kitu."

Akacheka, "Mama, wewe ni mteja wa kwanza anayejua anachotaka."

Akauliza hiyo diski ya zamani aniwekee. Nikasema baki nayo fundi, maana ndivyo tulivyozoea, cherehani ikibadilishwa kifaa, kibovu ni cha fundi. Nikaondoka najisifu.

Niliporudi kuichukua, kweli, iliwaka hata sijakaa sawa. Picha ya milima inang'aa. Nikamwambia, "Haya, nifungulie sauti ya mama yangu." Akaniangalia. "Sauti gani, mama?"

Nikamweleza. Akaacha kila kitu alichokuwa anafanya, akavua miwani. Akasema ile diski aliisafisha kama nilivyoagiza, akaifunga kwenye mashine ya mtu wa Kalinzi, huko milimani. Nikapanda pikipiki kesho yake mpaka Kalinzi, fundi mwenyewe akanisindikiza, sikumwomba. Tukamkuta mwenye mashine anaanika kahawa. Mtu mwema, hakutuuliza maswali mengi, akatuletea viti na kompyuta yake. Fundi akatafuta kwa njia zake zote, jua likahama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Kulikuwa na picha za shamba lao na mikanda ya harusi. Ya bibi, hata kikohozi chake hakikuwapo. Fundi akasema, "Mama, vitu vyao vimeandikwa juu ya sauti yake. Nisikudanganye." Tukashuka mlima. Sikumlaumu. Aliniuliza, nikamjibu.

Sasa iko mezani, chini ya kitambaa chako. Baada ya alasiri huwa naibonyeza. Inawaka mara moja, inakaa inanitazama, haina la kuniambia. Naichukia hiyo haraka yake. Nimejaribu kukumbuka zile nyimbo, ubeti wa kwanza napata, wa pili napata nusu, halafu nasimama. Wa kumuuliza hakuna.

Jirani yetu Mama Shabani ananisihi ninyamaze. "Usimwandikie habari hizo. Mwache aje kufuata vitu vyake, akishafika mtalia wote, yatakwisha." Nilimsikiliza. Nimekaa na ushauri huo wiki nyingi, mwanangu, maana uongo huo ni mtamu, hata uongo si uongo, ni kukaa kimya tu. Nilijiona nakupokea stesheni nimekushika mkono, sijakwambia. Halafu nikakuona unafungua mashine.

Siwezi. Nilikuaibisha mara moja mbele za watu. Siwezi kukuvuta safari yote hiyo uje ukute nyumba tupu, na mama yako alikuwa anajua.

Basi nakwambia. Vitu vyako havipo, Mwanaidi. Nilivifuta kwa kinywa changu, nikidhani nakufanyia zawadi. Usipande treni kwa ajili ya vitu hivyo. Kama hilo ndilo lililokuwa linakuleta, usihangaike, kaa huko, fanya kazi zako. Aliyebaki hapa ni mimi, na mimi ndiye uliyenikimbia. Sina kingine cha kukuitia. Nimetafuta nyumba nzima, sina.

Mama Shabani anasema nimefunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe. Naona anasema kweli.

Mungu akutunze huko huko uliko.

Ni mimi mama yako,
Buzebazeba, Ujiji.