Mabula, Ng'ombe Walifika Kabla Yako

Mwanangu Mabula,

Mwangaluka, baba. Najua huko uliko hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Huku hatujambo. Baba yako mguu unamsumbua, ubishi haujapungua hata kidogo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi wa kisomo cha watu wazima, na mwandiko wangu bado unaupita wa dada yako aliyemaliza darasa la saba. Hilo ulilijua, ndiyo maana ulikuwa unawaonyesha marubani wenzako barua zangu.

Bariadi imebadilika. Pamba siku hizi si ya ushirika peke yake, wanunuzi binafsi wanakuja na mizani zao hadi mlangoni, kila mmoja anamsema mwenzake kwamba ni mwizi. Maduka yamejaa, sabuni unachagua rangi. Ndege nazo zimekuwa nyingi tangu watu binafsi waruhusiwe. Kila ikipita natoka nje. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwatangazia wanawake kisimani, "Mabula huyo anaenda kazini"? Jirani yetu Mama Ng'washi akaniuliza, "Hata ile ya jana, ya jeshi?" Nikamjibu, "Hata hiyo. Walikuja kumwazima." Walicheka mpaka maji yakamwagika. Sasa ndege ikipita wananyamaza wote, wanatazama ndoo zao. Afadhali wangenicheka.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu. Dada yako Minza amejifungua kule Lalago alikoolewa. Mtoto wa kike, mweusi mzuri, ana masikio yako yale ya kusimama. Kazaliwa mvua inanyesha, mvua ya kutoboa bati. Na wewe ulizaliwa hivyo hivyo, tukakuita Mabula kwa ajili ya mvua. Wa kike ni Kabula, mvua ni ile ile. Nikajua jina lako limerudi. Nilitembea sokoni kifua mbele kama nimezaa mimi.

Kumbe mama mkwe wa Minza amekataa. Na mtoto ni wa ukoo wao, yeye ndiye wa kutoa jina. Akasema, "Jina hilo lina kosa. Mjomba wake alikuja na mvua, mvua ikamchukua, na serikali yenyewe imesema kosa lilikuwa lake."

Neno hilo, Mabula. Kosa. Alilileta afisa aliyetumwa kutueleza walichokiona walipoichunguza ajali yako. Kijana mpole, shati jeupe, tukampa kiti akataka kigoda. Akasema, "Kosa la rubani." Kwetu mwenye kosa ni mwizi wa ng'ombe, ni mtu wa kuitwa mbele ya wazee atozwe. Nilimfukuza uani kwangu. Nikamfuata hadi njiani: "Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani! Mwanangu anarusha ndege wewe hujajua kufunga kamba za viatu!" Baba yako akanivuta kwa kanga.

Lakini aliyoyasema kabla sijamfukuza yalibaki kichwani. Kwamba jioni ile wingu lilikuwa limelala juu ya ziwa, manyunyu, giza linaingia. Kwamba ulikuwa peke yako na mzigo wa vipuri, na namshukuru Mungu kwa kuwa hukubeba mtoto wa mwenzangu. Kwamba rubani akiwa ndani ya wingu hatazami nje, anafuata zile saa za vipimo zilizo mbele yake, zinamshusha taratibu mpaka uwanja utokee. Na kwamba uliwaambia watu wa mnarani, "Taa nimeziona," ukaziacha saa zako, ukashuka. Uwanja ulikuwa bado mbele. Taa ulizoziona zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa, zimejipanga majini.

Karabai, baba. Karabai.

Nililia nalo neno hilo sijui mpaka lini. Halafu siku moja nachambua pamba, nikaanza kucheka peke yangu, baba yako akadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimekumbuka siku ile ya ng'ombe.

Ulikuwa mdogo, kaptula inashikwa na kamba. Baba yako alishakuambia mara nyingi, "Mvua kubwa ikikukuta machungani usiwaswage ng'ombe. Wafuate. Wao wanajua kwao, wewe macho yatakudanganya." Mvua ikaja, ile ya kutoona mkono wako. Jioni ng'ombe wakaingia zizini wote, wametulia, yule jike mwenye pembe moja yuko mbele. Mchungaji hayupo! Nilipiga yowe kijiji kizima kikatoka na fimbo. Asubuhi ukaletwa na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, umeshiba michembe ya viazi vya watu, umevaa kaptula ya mwanawe. Ukasema, "Mama, niliona moto nikadhani ni wetu." Wenzako wakakuita Moto Wetu mpaka ukaenda sekondari.

Na wewe mwenyewe ulikuja likizo na viatu vya kung'aa, ukaniambia, "Mama, saa za ndege ni ng'ombe wa baba. Kwenye wingu huziswagi, unazifuata." Nilizunguka na maneno hayo kama nimeyatunga mimi. Ulijua, mwanangu. Ulijua kuliko wote. Lakini zile taa zilikuwa zimepangika, na wewe ulikuwa umechoka, ulitaka kufika.

Basi nikapanda gari nikaenda Lalago. Nilivaa kile kitenge ulichoniletea kutoka Nairobi, ili mama mkwe akione vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, matusi nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta anapepeta mtama, mtoto amelala pembeni yake kwenye ngozi, ngumi amezikunja kama anashika usukani. Matusi yote yakanipotea.

Nikamwambia, "Kosa ni lake. Sikatai tena."

Minza alinitazama kama mgeni. Hajawahi kunisikia nikikubali hivyo. Nikamsimulia mama mkwe habari ya moto ule, na habari ya karabai. Nikamwambia, "Hakuiba ng'ombe wa mtu, dada. Aliona taa akadhani ni za kwao."

Akapepeta, akapepeta. Halafu akauliza, "Na siku ile ng'ombe walifika wote?"

"Wote. Na yule wa pembe moja."

Mabula, mama yule alicheka! Ungo ukamponyoka, mtama ukamwagika, kuku wakaja mbio. Akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akasema, "Haya, aitwe Kabula. Lakini kuchunga utamfundisha wewe."

Nimekubali kazi hiyo, baba, na wewe uwe shahidi. Akiweza kushika fimbo nitamchukua akae kwangu. Mvua ikitukuta machungani nitamwambia, ng'ombe mbele, wewe nyuma, hata ukiona moto mzuri namna gani. Nitamwambia ni ya nani maneno hayo na kwa nini nayasema. Sitamficha karabai. Halafu akitaka kurusha ndege na arushe, nani wa kumzuia, si mjukuu wangu?

Pumzika sasa, Moto Wetu. Minza analeta mtoto kututembelea, na mimi nimeshatenga kanga ya kumbebea. Ndege ikipita nitakwenda naye kisimani, nitaelekeza kidole juu niseme kwa sauti, "Kabula, tazama, mjomba wako huyo." Mama Ng'washi akinyamaza, nitamwambia ni ile ya jeshi, wamemwazima tena. Nataka nimsikie akicheka.

Mama yako anayejivunia wewe, kosa lako na yote,

Mama Mabula