Nguzo Zilizong'oka kama Karoti

Karratha, Australia

Dada Noreen,

Jamu yako ya aprikoti nimeimaliza, na joto la huku linatuchoma. Ila nina hasira, na inamhusu mumeo, msimamizi wetu wa ujenzi.

Nguzo za jukwaa letu la gesi baharini zimepigiliwa kwenye mchanga wa chokaa, yaani makombe na matumbawe yaliyosagika. Nyundo ikigonga, chembe zinavunjika na mchanga hauibani tena nguzo. Kimbunga kikilisukuma jukwaa, nguzo za upande mmoja huvutwa juu. Wiki iliyopita tulivuta moja kwa majaribio, ikang'oka kama karoti.

"Clive," nikamwambia, "tutoboe mashimo hadi kwenye mwamba ulio chini ya mchanga, tusimike nguzo humo, tumimine saruji izishikamanishe nao."

"Acha woga, shemeji. Tumeshachelewa."

"Watu watalala juu ya jukwaa hilo!"

"Si wanalipwa?"

Akacheka, Noreen! Nikaenda kantini nikawaeleza wafanyakazi wote. Wakagoma, na wenye mradi wamemsimamisha Clive kazi. Sasa tunatoboa.

Alhamisi atafika kwako akisema nimemsaliti. Mpokee, ni mumeo. Lakini usinitake nimwombe radhi.

Mdogo wako,
Beryl