Mashine Haimjui Baba

3 Julai

Kwa baba,

Shikamoo baba. Mimi na shangazi wazima. Kikohozi chake kimeisha, sasa kelele zimerudi palepale. Mgongo wako je? Hapo bwawani bado mnalala kwenye mahema, au wameshawajengea mabanda?

Baba, nimepata. Chuo cha ng'ambo kimenikubali, na ufadhili wametoa: ada, kitanda, chakula, vyote juu yao. Nauli tu ndiyo juu yetu. Natakiwa kuripoti kabla ya tarehe 28 Agosti. Nikichelewa hata siku moja, nafasi anapewa aliye nyuma yangu, na mwakani hawanipi tena. Nimeuliza mara mbili.

Wiki nzima, nikimaliza kutoa fotokopi za watu, natafuta ndege kwenye kompyuta ya dukani. Nimejifunza mengi. Jumanne ni rahisi kuliko Ijumaa. Ukikubali kubadilisha ndege mara mbili na kusubiri saa kumi na moja uwanjani, bei inashuka karibu nusu. Wakala wa tiketi aliye jirani na duka ana bei ya wanafunzi: naondoka Jumanne tarehe 25, na begi moja kubwa limo humohumo. Amenishikia nafasi mpaka Jumatano tarehe 12 Agosti, saa sita mchana. Baada ya hapo inafutika yenyewe, na bei inapanda hadi tusikofika.

Akiba aliyoacha mama inatosha tiketi hiyo, na inatosha hiyo tu. Wewe ndiye mrithi wa akaunti, kwa hiyo lazima uende benki mwenyewe. Watamtumia wakala moja kwa moja, namba ya akaunti yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Barua anakuletea dereva wa lori la saruji, yuleyule Mzee Breki. Simu yako wiki ya tatu haipatikani. Kuna nini?

Mwanao,
Kiroboto

8 Julai

Kwa Kiroboto,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo uko nyuma, palepale. Banda tumepata, linavuja.

Simu ilinitoka mfukoni ikatumbukia kwenye zege. Tulikuwa tunamwaga, huwezi kusimamisha. Sasa iko ndani ya ukuta wa bwawa. Ukiipiga labda bwawa litaitika. Nilienda mjini kurudisha laini, wakataka kidole, mashine yao ikakataa. Mbovu. Nimeachana nao.

Habari yako nimeisoma mara tatu. Vizuri. Mama yako angepiga kelele mtaa usilale. Mimi nimemwambia Mzee Breki tu, naye akapiga honi mpaka nyapara akatoka.

Maswali. Ndege tatu za nini, moja haifiki? Saa kumi na moja utakaa wapi? Ukienda chooni begi nani analishika? Na tiketi ya kurudi iko wapi? Sijaiona.

Jumamosi naenda benki.

Baba

12 Julai

Kwa Kiroboto,

Hujambo. Mimi mzima.

Benki nilifika saa mbili. Dada wa dirishani mtu mzuri. Akasema weka kidole gumba. Nikaweka. Taa nyekundu. Weka kingine. Nyekundu. Nimetoa vyote kumi, Kiroboto, vyote imevikataa. Kidole kidogo cha kushoto, kile kilichopinda, hakilali hata kwenye kioo. Akanifuta kwa spiriti. Akafuta kioo. Akaita meneja. Meneja akanigeuzageuza mkono kama mtu anayenunua samaki. Mzee, unafanya kazi gani? Nikasema nachanganya saruji, mwaka wa kumi na tisa. Akasema basi, saruji imekula alama zote, vidole vyako laini kama chupa.

Nikamwambia kitambulisho hiki, sura hii. Akasema sura mashine haisomi. Barua ya mahakama inafaa, lakini ni miezi mitatu.

Kwenye mashine nimo. Walinisajili vyote kumi baada ya msiba wa mama yako. Wakati ule nilikuwa nimekaa nyumbani mwezi mzima sishiki koleo, ngozi ikarudi. Kwa hiyo mashine inamjua yule wa msibani. Huyu wa leo haimjui.

Dada anasema ukiacha saruji ngozi hurudi. Wiki tatu, nne.

Usimwambie shangazi yako. Atalia, halafu atatoa ushauri.

Baba

17 Julai

Kwa baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako niliisahau juu ya meza, shangazi ameiona. Amelia, halafu ametoa ushauri: tuuze cherehani ya mama. Haifiki hata robo ya nauli, lakini ameshaifuta vumbi.

Majibu yako haya. Ndege tatu kwa sababu ile moja ni ya wenye nazo. Saa kumi na moja nitakaa kwenye kiti kama wengine. Begi kubwa linakwenda lenyewe mpaka mwisho, nimeuliza. Ya kurudi haipo, baba. Tunaweza ya kwenda tu.

Nunua glavu. Paka glisirini. Mwombe nyapara akuhamishe. Lakini usiache kazi, umesikia? Nakujua.

Leo wakala ameniuliza, nikamwambia pesa iko njiani. Nimeanza kudanganya watu kwa ajili ya ndege.

Mwanao,
Kiroboto

22 Julai

Kwa Kiroboto,

Marahaba. Mzima.

Cherehani isiguswe.

Glavu nimevaa. Huku ukivaa glavu wanakuita bwana harusi. Nyapara kanihamishia stoo, nahesabu mifuko. Kazi ya kukaa. Glisirini napaka, usiku nateleza kitandani.

Jumamosi nilirudi benki. Nyekundu. Ila dada kaangalia kwa tochi, anasema kidole cha shahada kinaanza kuonyesha mistari.

Usiandike kila siku. Mzee Breki ana kazi zake.

Baba

4 Agosti

Kwa baba,

Shikamoo baba. Hali yako ikoje? Nauliza kweli, siyo ya barua.

Karibu wiki mbili sijapata hata mstari. Mzee Breki amerudi mara tatu mikono mitupu. Leo nimemzuia mlangoni. Nikamuuliza, baba yangu yuko stoo? Akasema, stoo gani? Halafu akakumbuka ana haraka. Mtu yule hajawahi kuwa na haraka maishani, ndiyo maana wanamwita Breki.

Uko wapi?

Zimebaki siku nane. Jana nusura nitapeliwe. Mtu kanitumia tiketi ya nusu bei kwenye simu: lipa sasa hivi, zimebaki mbili. Nilishaandika namba ya siri, mshahara wangu wote wa mwezi. Mkono ukasita. Nikawapigia wenye ndege, wakasema tiketi hiyo haipo na haijawahi kuwepo. Niliporudi kwenye fotokopi nikaharibu karatasi za watu. Hapo ndipo nilipofika, baba.

Kama umeacha kazi kwa ajili yangu, niambie wewe. Sitaki kusikia kwa dereva.

Mwanao

7 Agosti

Kwa Kiroboto,

Marahaba.

Kazi nimeacha tangu tarehe 13 Julai. Stoo ilikuwa uongo. Na glavu. Nyapara alisema asiyeshika koleo aondoke, wako kumi nje ya geti wanaitaka nafasi yake. Kweli wapo. Hata mimi niliingilia hapohapo getini.

Ndiyo maana sikutaka simu ya kuazima wala sikukuomba namba yako tena. Kwenye simu sauti ingekuambia.

Niko mjini, nyuma ya duka la matairi. Mlinzi wa hapa tulishika naye koleo. Mama wa chai ananipa chai na mkate, mimi nakaa mezani kwake asiibiwe. Sioshi vyombo, sifui, sibebi kitu. Watu wanadhani naumwa. Kukaa ni kazi ngumu. Mikono inauliza kuna nini.

Jumamosi iliyopita kidole cha shahada kilisomwa nusu. Wanataka kimoja kizima tu. Kesho naenda. Jumatatu naenda. Jumanne naenda. Mpaka wanipangishe chumba humo ndani.

Hukutapeliwa. Vizuri. Mkono uliosita ni wa mama yako.

Baba

9 Agosti

Kwa baba,

Shikamoo. Afya yako leo siiulizi, maana utanidanganya.

Rudi kazini. Kesho, siyo Jumatano. Kila siku unayokaa hapo kwenye matairi kuna mtu mwingine ameshika koleo lako, na nyapara anamzoea. Sitapanda ndege na picha hiyo kichwani. Nitafika huko nifungue kitabu, nisome nini?

Barua pepe ya kukataa nafasi nimeiandika. Iko kwenye kompyuta ya duka, bado kubonyeza tu. Jumatano saa sita na dakika moja nabonyeza. Shangazi ameisoma, hajasema neno. Unamjua shangazi. Hajasema neno.

Sina hasira na wewe. Ninayo. Basi.

Mwanao

11 Agosti

Kwa Kiroboto,

Marahaba. Usibonyeze.

Jumamosi nyekundu. Jana nyekundu. Leo cha shahada nyekundu. Dada akasema pole mzee. Nikamwambia bado kile kilichopinda. Akasema hakilali kwenye kioo. Nikasema kilaze.

Kidole hicho unakijua. Toroli liliniangukia, mama yako akakifunga na mwiko, akakifunga vibaya, kikapona kimepinda. Nimemlaumu mpaka anakufa. Hakikunjiki, hakishiki mpini. Wenzake wakishika koleo chenyewe kiko nje, kama bwana mkubwa anayekunywa chai. Saruji haijakipata sawasawa.

Dada akasema nitakuumiza. Nikamwambia kuna aliyekutangulia. Akakibana kwa kiganja, akaegemea na bega. Kikaalika, ka! Nikaona nyota. Halafu taa ikawa kijani. Dada akapiga kelele, meneja akatoka mbio akidhani wezi.

Pesa imetoka saa tisa. Mmoja anasema inafika kwa wakala kesho asubuhi. Mwingine anasema mchana. Meneja anasema inategemea. Nilitaka kukupigia kwa simu ya dada. Namba yako iko ndani ya bwawa, na mimi kwa ujanja wangu sikuiomba.

Karatasi ya benki yenye muhuri imo humu. Mzee Breki anaondoka sasa hivi, ameniapia hasimami njiani. Sijawahi kumwona akipita bila kusimama. Kaa kwa wakala tangu anafungua. Saa sita ikifika na haijaingia, mpige domo. Umelelewa na shangazi yako, unajua.

Ya kwenda ametoa mama yako. Ya kurudi nitatoa mimi. Kesho naenda kusimama getini na wale kumi.

Baba

12 Agosti

Baba, shikamoo.

Imeingia. Sijabonyeza. Nikitulia nitaandika marefu, sasa hivi kalamu haishikiki.

Kiroboto wako

26 Agosti

Kwa baba,

Shikamoo baba. Naandika nikiwa uwanja wa pili, kwenye zile saa kumi na moja. Zimekwisha saba. Begi dogo nimelifunga mguuni kwa mtandio, nikienda chooni nakwenda nalo. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu ameona, na yeye amefunga lake.

Sasa ile Jumatano. Nilikaa kwa wakala tangu saa mbili, barua yako bado haijanifikia. Saa tano na nusu bado. Saa sita kasoro dakika nne akaniambia, dada pole, mimi sina uwezo na mfumo. Nikaanza domo. Nikamwambia mambo ya vidole vyako, ya matairi, ya simu iliyoko bwawani, akawa anatazama saa tu. Ndipo tukasikia honi. Mzee Breki ameacha lori katikati ya barabara, magari yote yamesimama, anaingia na karatasi juu kama refa. Wakala akasoma muhuri, akapiga simu, akaomba aongezewe saa mbili. Pesa ikaingia saa saba na robo. Shangazi akapata sauti yake yote kwa mara moja.

Baba, hapa kabla ya kupita wanamwekesha kila mtu vidole kwenye kioo. Vyangu vilisomwa kabla sijashusha pumzi. Taa kijani, kwisha. Nikabaki nimesimama nikiviangalia, mpaka askari akasema dada, sogea.

Mzee Breki ameniambia nyapara alikurudisha, lakini kwa ujira wa mtu mgeni. Hukuniandikia hilo. Nimelijua.

Nimemwachia Mzee Breki jozi nne za glavu za mpira, zile nzito. Utavaa. Watakuita bwana harusi, vaa hivyohivyo. Ya kurudi umesema unatoa wewe. Sawa. Lakini siku moja na wewe utapita kwenye kioo hiki kuja kuniona, na sitaki kikukatae.

Wanatuita.

Mwanao,
Kiroboto

9 Septemba

Kwa Kiroboto,

Marahaba. Mzima. Barua hii anaituma shangazi yako, amesema lazima niseme anakusalimia.

Glavu zimefika. Wamecheka siku nne. Leo wawili wameniuliza zinauzwa wapi.

Kile kilichopinda hakiingii. Nimekikatia tundu. Kiko nje, kinakunywa chai.

Umekula?

Baba